Chumba Chenye Ubaridi

Wilhelmina alipokufa, kiwanda kilisahau kila kitu.

Si kiwanda kikubwa. Ni mashine mbili za kukamua mafuta ya mbegu za pamba, pale Dutwa, nyuma ya nyumba yao. Na duka la mafuta Bariadi mjini, na banda la kuuzia mashudu ya kulishia mifugo kule Lamadi. Watu kumi na mmoja, basi. Lakini kwa miaka kumi na tisa, ukitaka kujua mkanda wa akiba wa mashine umewekwa wapi, unamuuliza Wilhelmina. Nani ana ruhusa kesho, gari la mashudu linaondoka lini, mgahawa gani unasubiri madumu: Wilhelmina. Hakuandika popote. Alikuwa nayo kichwani, akiyasema huku anapepeta mchele.

Mumewe, mzee Kashindye, alikuwa mtu wa ng'ombe. Shule hakuiona hata kwa nje. Akiulizwa jambo la kiwanda alielekeza kidevu upande wa mke wake, yamekwisha.

Sasa ulikuwa mwezi wa tano tangu wamzike. Mkanda wa akiba ulitafutwa siku tatu, mashine imelala, ukaja kuonekana ndani ya debe la unga. Gari la Lamadi lilikwenda tupu mara mbili. Ndipo Minza, binti yao anayesimamia kazi, akamwita Tajudin, fundi wa kompyuta kutoka mjini, awatengenezee mtandao wa ndani: kila mfanyakazi afungue simu yake, aone zamu, aone matangazo, aone kitu gani kiko wapi.

Tajudin alikuja asubuhi na pikipiki, akaizunguka nyumba, akapewa uji, akaeleza. Njia ni mbili. Ya kwanza, mnanunua mashine yenu, seva, inakaa hapa hapa nyumbani. Mtandao wa nje ukikatika, watu wa hapa wanaendelea na kazi. Ya pili, mnakodi nafasi kwenye mashine za kampuni ya mbali, ufundi wote ni juu yao. Ila mtandao ukikatika, mmekaa.

"Na huku unakatika kweli kweli," alisema. "Ningekuwa mimi, ningeweka hapa."

"Hiyo ya mbali," Minza akadakia. "Tuchukue hiyo."

"Dada, uji wenyewe sijamaliza, umeshaamua?"

"Ya mbali, Tajudin."

Mzee Kashindye alikuwa kwenye kigoda, karibu na mlango. "Hiyo ya mbali," akauliza, "ni kama kuweka ng'ombe kwenye zizi la mtu?"

Tajudin akacheka. Akaona mzee hacheki. "Ni kama hivyo, mzee."

"Mimi nina ng'ombe sita kwa Bujiku, Mwamapalala. Baada ya mavuno nakwenda. Nalala kwake, asubuhi ananitolea mmoja mmoja, nawashika. Huyo wa kwenu anakaa wapi, nikamtembelee?"

"Hata mimi sijawahi kumwona, mzee. Mashine zake ziko nje ya nchi."

"Nchi gani?"

"Nadhani Ulaya huko."

"Unadhani." Mzee akamgeukia binti yake. "Unataka kumpa ng'ombe mtu ambaye fundi wako mwenyewe hajui kijiji chake."

"Lakini ukimwambia nirudishie vitu vyangu, anarudisha," Tajudin akajitetea. "Tena kila Jumamosi tunachukua nakala ya kila kitu. Dada Minza anakaa nayo hapa."

"Ndama wanabaki kwetu."

"Ee! Umenena, mzee. Ndama wanabaki kwenu."

"Na hiyo ya hapa ingekaa wapi?"

Minza akaanza kukusanya vikombe, na vya watu vina uji bado.

Tajudin hakujua kitu. Akajibu kama fundi. Ghalani kuna vumbi la mbegu. Ofisini bati linachoma toka saa nne. Chumba cha kufaa ni kimoja tu, kile cha pembeni, cha tofali nene za udongo, kisichopigwa na jua. Kina ubaridi mzuri. Mlango ungefungwa muda wote, ufunguo ukae kwa mtu mmoja.

"Na nimeona hakitumiki," akamalizia.

"Kinatumika," mzee alisema.

Kila asubuhi, kabla hajamwamkia mtu yeyote, aliingia humo. Alisema mwangaluka, salamu yao ya asubuhi, akakaa ukingoni mwa kitanda. Khanga mbili za mke wake zilikuwa bado kwenye kamba. Mwezi wa kwanza, kufungua mlango tu kulitosha: moshi, sabuni, mafuta ya kujipaka, Wilhelmina. Sasa ilibidi azisogeze khanga mpaka puani, avute, asubiri. Siku nyingine harufu ilikuja. Siku nyingine haikuja.

"Mtu akikaa humo kidogo," aliuliza, "asubuhi tu?"

"Hapana, mzee. Vumbi la miguu. Na ile mashine inavuma siku nzima, inatoa joto. Hutapata raha."

Walipoamua kuitia kazi ya mke wake kwenye simu, mzee hakupinga. Watu lazima wafanye kazi. Leo kazi hiyo ilikuwa inataka na chumba.

"Minza."

"Bee, baba."

"Chumba kile kingekuwa cha kuwekea majembe, ungechagua ipi?"

Minza alitazama vikombe. "Ya hapa."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, baba? Ningeanzia wapi?"

Akalia. Tajudin akawa anatafuta kitu kwenye mkoba wake, hakipati.

"Pelekeni huko mbali," mzee alisema. "Si kwamba ni bora. Ni mimi. Waambie hivyo wafanyakazi, wasije wakakulaumu wewe. Mwaka ukiisha mniulize tena."

"Inawezekana kwa mwaka," Tajudin alisema taratibu. "Mkitaka kuhama, mnahama."

Wakaanza hivyo. Wiki ya tatu, siku ya kupakia, mtandao ukakatika toka alfajiri. Joakim, dereva, alisimama uani na simu yake, hajui mizigo gani ya Lamadi, ipi ya mjini.

"Seva ingekuwa humo ndani, saa hizi niko njiani," alisema kwa sauti. Akamwona mzee, akameza maneno. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Usinyamaze. Ni kweli."

Akaingia chumbani, akasukuma mlango. Akakaa, akaichukua khanga ya kijani.

"Leo nimewachelewesha watu wako," akamwambia.

Huko nje mtandao ukarudi, simu moja ikalia. Ikafuata ya pili, kisha zote kwa pamoja, na Minza akasikika akipaza sauti, gunia ishirini za Lamadi, haya, haya! Injini ikawaka. Siku za kupakia mzee husimama getini mpaka gari lipite; leo hakuinuka.

Aliisogeza khanga puani, akavuta, akasubiri.