Miaka Mitano Kiti cha Kushoto

Siku ya kwanza kazini nilifika saa kumi na mbili asubuhi, nimevaa sketi ya kanisani na viatu vya kuazima, maana nilidhani dereva wa Mwalimu Mkuu lazima apendeze. Ilikuwa Ilomba, mwezi wa sita, baridi ile ambayo ukiongea unatoa moshi. Mwalimu alikuwa ameshastaafu, lakini mtaa mzima ulimwita hivyo hivyo, Mwalimu. Alikuwa uwanjani akilifuta gari lake dogo jeupe alilonunua kwa kiinua mgongo.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Unaitwa nani vile?"

"Tusekile."

"Leseni unayo?"

"Ninayo." Ilikuwa na miezi miwili.

"Vizuri. Zunguka ukae kushoto."

Nikacheka, nikijua ananitania. Hakuwa anatania. Aliingia yeye upande wa usukani, mimi nikakaa kiti cha abiria, nikabaki hapo miaka mitano. Nawaandikia ninyi vijana mnaoajiriwa na wastaafu wenye magari madogo. Siku hizi mko wengi, na kazi hii hakuna chuo kinachoifundisha.

Wiki ya kwanza tu nikajua kwa nini niliajiriwa. Mchungaji wetu wa mtaa alisimama kando ya barabara akipunga mkono, tukampita kama mti. Mwalimu alikuwa na presha ya macho. Ugonjwa huo unakula pembeni kwanza, mtu anabaki anaona kama anachungulia kwenye bomba. Mbele aliona vizuri, hata namba za gari alisoma. Kitu kikitokea kulia au kushoto, hakuna.

Hakuniambia, na mimi sikumuuliza. Utamwambiaje mzee aliyewafundisha hata wazazi wako kusoma kwamba haoni? Nikabuni njia yangu. Nilimsimulia barabara kama mtu anayepiga soga. Sikusema "funga breki." Nilisema, "Yule mama mwenye kitenge cha njano naye anataka kuvuka, amependeza kweli." Mwalimu alipunguza mwendo, akajibu, "Kitenge ni heshima." Sikusema "kuna bodaboda kushoto." Nilisema, "Hawa bodaboda wa leo, huyu hapa kwangu ana haraka kama anawahi mbingu." Tukienda hivyo mpaka sokoni, hata abiria wa nyuma asingejua kitu. Nikinyamaza, maana yake barabara ni nyeupe. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu, ingawa hayakuwahi kutamkwa.

Gari lenyewe lilikuwa na tabia zake. Asubuhi za baridi liligoma kuwaka, mimi na majirani tukalisukuma mpaka kwenye mteremko. Likichemsha, tulijaza rejeta maji ya bomba. Fundi Mkuu wa gereji yetu alikichomoa kile kidude kinachozuia maji yasizunguke kabla injini haijapata moto, kinaitwa themostati.

"Hii ni ya wazungu, kwao kuna theluji," alisema.

"Fundi, na hapa je, si baridi?" nikamuuliza.

"We binti, fundi ni nani hapa?"

Tangu siku hiyo injini ilikuwa haipati moto wake sawasawa, likawa linakunywa petroli kama ng'ombe wa kiangazi. Na gari la mtu mmoja mtaani ni la wote. Tulibeba wajawazito, magunia ya viazi, bibi harusi wawili, na mara moja mbuzi aliyekula mkanda wa kiti. Nilikuwa na furaha, sitaficha. Nilikuwa naota kwamba ipo siku nitafungua shule ya udereva ya wasichana, gari jekundu, na kibao juu.

Kituo changu cha pili kilikuwa Makongolosi, ambako mwanawe Mwalimu alikuwa na duka la vifaa vya uchimbaji. Tulikwenda kila mwisho wa mwezi. Njia za machimboni zilikula bushi na shokapu, yaani mipira na mihimili inayopokea mashimo ili wewe usiyapokee mgongoni. Huko watu wanatokea popote, kwenye vumbi, wamebeba sululu. Siku moja kijana alichomoka upande wangu nikiwa nimechelewa kupiga soga. Kioo cha pembeni kilimgusa mkono. Alitutukana, akaenda zake.

"Mwalimu, niendeshe mimi kidogo wakati wa kurudi, upumzike?"

"Nimekwambia nimechoka?"

Niliporudi Ilomba nikaenda kwa Mchungaji. Alinisikiliza akiwa anapalilia kabichi zake.

"Wewe ndiye uko naye karibu. Mwambie."

"Baba Mchungaji, mimi nani hata nimwambie?"

"Na mimi alinisimamia mtoto kwenye ubatizo," akasema, "ndiye baba yake wa ubatizo, nitamwanzaje? Basi tumwombee." Tukamwombea pale pale kwenye kabichi.

Kituo cha tatu kilikuwa Iringa. Dada yake Mwalimu anaishi Ipogolo, na mwaka wa tano yule mama alianza kuumwa, kwa hiyo tukawa tunakaa huko wiki mbilimbili. Mwalimu ni Mhehe wa pale pale. Akifika tu Kiswahili chake kinabadilika, anasalimia "kamwene" mpaka kwa kuku.

Siku yenyewe ilikuwa saa nne asubuhi, tunatoka mjini kumchukulia dada yake dawa, tunashuka mlima kurudi Ipogolo. Jua zuri, na bonde lote liko chini linang'aa na mto wake. Nilitazama bondeni. Nikaanza kuiwaza shule yangu, kile kibao kiandikwe kwa rangi gani, nyeupe au njano. Nilinyamaza. Kwa kunyamaza kwangu, Mwalimu alijua barabara ni nyeupe.

Mama mmoja, ambaye baadaye nilijua anaitwa Mama Oliva, alitokea kushoto, upande wangu, na beseni la vitunguu kichwani.

Nilisikia mlio kabla sijaona. Gari liliserereka mpaka mtaroni. Nilichomoa ufunguo kwa mazoea, maana siku zote mimi ndiye niliyeutunza, nikaruka, nikakimbilia kwake. Vitunguu vilikuwa vinateremka barabarani kimoja kimoja, na mguu wake ulikuwa umelala vibaya. Alikuwa ananitazama tu, hata halii. Watu walijaa. Mzee walimtoa taratibu kupitia mlango wangu, wake ukiwa umebanwa na mtaro, wakamkalisha kwenye gunia la mtu. Mkuu wa usalama barabarani alipofika alimwona mzee kwenye gunia na binti mwenye ufunguo mkononi.

"Wewe ndiye dereva?"

Mwalimu alikuwa hatua mbili kutoka pale. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ndiyo, Afande," nikasema.

Mguu wa Mama Oliva ulikatwa juu ya goti. Mimi nilihukumiwa kifungo cha nje, nikafagia soko miezi sita, na leseni ikazuiwa. Gari liliuzwa kulipia matibabu ya mguu ule. Hivyo ndivyo nilivyostaafu, nikiwa na miaka ishirini na sita.

Mstaafu ana muda wa kufikiri. Mwanzoni nilijiona mwema, nimembebea mzee msalaba. Nilipanda basi kila mwezi kwenda kumwona Mama Oliva, ambaye sasa anauza vitunguu akiwa amekaa kwenye kiti, magongo pembeni. Alinizoea. "Karibu we dereva," alikuwa anasema, "leo umekuja kwa miguu, tuko salama." Nilikuwa nacheka naye, na kila aliponiita dereva nilisikia kama ninamwibia kitu.

Mwezi uliopita aliniuliza, "Hivi siku ile ulikuwa unatazama wapi?"

Nikamwambia yote. Nani alishika usukani, na mimi nilikuwa natazama bondeni nikipaka rangi kibao ambacho hakipo. Alibandua maganda ya kitunguu kwa kidole.

"Kwa hiyo mlikuwa wawili, na hakuna aliyeniona."

"Ndiyo, Mama."

"Mwambie huyo mzee aje aniambie mwenyewe."

Nilimkuta Mwalimu Ilomba, kwenye kiti cha uwanjani, pale lilipokuwa linalala gari. Bado kuna doa la oili. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikasema neno nililolibana miaka yote hiyo.

"Mwalimu, wewe huoni."

Hakukasirika. "Najua," akasema. "Tangu wiki ile ulipoanza kunisimulia vitenge, nilijua umejua."

"Sasa mbona uliendelea?"

"Nilikuwa nakungoja useme. Nilijiambia, siku huyu binti akisema, ninaacha. Kila asubuhi nilikungoja, Tusekile. Wewe ukawa unanisifia nguo za watu."

Nilidhani namstahi, kumbe tulikuwa tunangojana, na aliyelipa kungojana kwetu ni mtu ambaye hata hatukumjua jina. Vijana wenzangu, mkikalishwa kushoto, semeni wiki ya kwanza. Mzee atawafukuza, mtalia, mtapata kibarua kingine.

Alhamisi tulikwenda Ipogolo kwa basi. Mwalimu alisimama mbele ya meza ya vitunguu, kofia mkononi, akaeleza kama anavyosoma taarifa ya shule, hakujipunguzia hata mstari. Alimaliza kwa kusema kesho asubuhi atakwenda kituo cha polisi kuandikisha maelezo yake, na mimi yangu. Mama Oliva alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya kipande cha paja kilichobaki. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe.

"Mmeziba meza," alisema. "Kuna mteja nyuma yenu."

Nikamshika Mwalimu mkono, nikamwambia kuna mtu kulia kwake, tukasogea.