Sigara Isiyo na Moto

Wavutaji wengi wa sigara ni watu wa maonyesho. Wanaishika kwa vidole viwili, wanaipunga hewani wakizungumza, kisha wanapuliza moshi juu ili hata aliye ng'ambo ya barabara ajue kwamba mwenzake anavuta. Syprose hakuwa na habari na mambo hayo. Yeye aliiwasha sigara yake, akavuta mara moja kuhakikisha imeshika moto, kisha akaigeuza, akaingiza ncha inayowaka ndani ya mdomo na kufunga midomo yake. Nje kilibaki kipande kidogo cheupe. Asiyemfahamu angedhani mama wa watu anatafuna kijiti.

Hivyo ndivyo walivyovuta wanawake wengi wa kwao Nyakach, karibu na ziwa. Alifundishwa na nyanya yake, ambaye alikuwa akimtuma jikoni amwashie sigara kwenye kaa. Sigara haiwashwi bila kuvutwa, na mtoto akitumwa kila jioni, mwishowe anazoea. Kabla hajavunja ungo, Syprose alikuwa tayari anajua kuulaza ulimi chini usiungue, na kulitema jivu pembeni bila mtu kuona.

Alipoolewa na Okello akamfuata Kericho, ambako Okello alikuwa anachochea boila katika kiwanda cha majani chai, aligundua kwamba nyanya yake alikuwa amempa ujuzi wa maana sana. Kericho mvua hainyeshi kwa kubahatisha. Asubuhi kuna ukungu na baridi ya kukausha vidole, jua linatoka kidogo la kudanganya watu, na adhuhuri ikipita, mvua inafika. Wanaume waliojaribu kuvuta shambani sigara zao zililowa zikakatika. Tena, mtu anayechuna chai hana mkono wa kushikia sigara. Mikono yote miwili iko juu ya mchai, inachuna majani mawili na chipukizi na kutupa nyuma kikapuni. Ya Syprose iliwaka salama ndani ya kinywa, imefunikwa, na kwa hiyo baridi ilimpata mwili mzima isipokuwa mdomo.

Kuvuta shambani kulikatazwa, maana chai hushika harufu upesi. Msimamizi wao, Bogonko, alijua vizuri kwamba Syprose anavuta, lakini hakuwahi kumshika hata siku moja.

"Wewe mama, fungua mdomo!" angemwamuru.

Syprose angeshika shavu na kugumia, kana kwamba jino limemvuruga. Bogonko angesimama pale akitazama ile midomo iliyofungwa, kisha angeondoka akilaani. Jino la Syprose liliuma hivyo kwa miaka zaidi ya ishirini, na wakati huo wote hakumfungulia Bogonko mdomo.

Mtu aliyejua siri yote alikuwa Chepkurui, mzaliwa wa Kimulot, aliyechuna mstari wa pembeni. Mwanzoni alishangaa, akadhani Wajaluo wana midomo ya chuma. Baadaye wakawa marafiki wa kuachiana watoto. Asubuhi za ukungu mzito, wakati mtu hakuweza kuuona hata mkono wake, Chepkurui alisimama kati ya michai, akanusa, kisha akafuata ile harufu ya tumbaku mpaka akamfikia mwenzake. "Mama Kepher, nimekupata kwa harufu!" angesema, akimwita kwa jina la mwanawe, na Syprose angecheka kwa pua, kwa kuwa mdomo ulikuwa na kazi. Raha ilioje siku zile! Walikuwa na migongo mizima, Okello alikuwa hai, na kila mwisho wa mwezi alimletea mkewe pakiti mpya iliyofungwa ndani ya gazeti, eti majirani wasione.

Kufikia mwaka 1998 Okello alikuwa amezikwa Nyakach, na Syprose alikuwa amestaafu kuchuna chai. Watoto walitaka arudi kwao. Alikataa. Chepkurui, ambaye sasa alikuwa na ng'ombe wake wa maziwa na shamba lake la chai Kapsoit, alimpa nyumba ya mabati kwenye kona ya ploti, na hapo ndipo alipoishi, akisaidia kuchuna wakati mikono ilipokubali. Sigara ilikuwa ndiyo kitu pekee cha zamani kilichobaki jinsi kilivyokuwa.

Basi mwezi wa sita Beverly, bintiye aliyefanya kazi katika ofisi moja mjini Kericho, alikuja na habari. Alikuwa ametumwa Nairobi kwa kozi ya nusu mwaka, na binti yake Sally, aliyekuwa na miaka minne, alihitaji mahali pa kukaa. Syprose alifurahi mpaka akasimama. Beverly hakufurahi.

"Mama, keti kwanza. Unajua Sally ana pumu. Daktari amesema asikae kwa moshi, hata kidogo. Kama unavuta, nitampeleka Ahero kwa kina baba yake."

"Nitaacha."

"Uliniambia hivyo mwaka jana. Na ule mwingine. Wewe ukifunga mdomo nani anajua kuna nini huko ndani?"

Syprose aliketi. Aliwahi kujaribu peremende, akajaribu maombi ya Jumatano, akajaribu kutafuna mizizi aliyopewa na mama mmoja wa soko. Kila mara alimwambia binti yake ameacha, na kila mara alikuwa amerudia kabla hajamaliza kusema. Lakini mara hizo zote hapakuwa na Sally wa kupoteza. Mtoto akienda Ahero, angemwona Krismasi kama angebahatika, na angerudi hamjui.

Beverly akafungua mkoba, akatoa kijisanduku. Kilitoka Uingereza, alikokuwa Kepher, kaka yake, akifanya usafi hospitalini. Ndani kulikuwa na kibomba cheupe cha plastiki, urefu wa sigara, na vidonge vya kuingiza ndani yake vyenye dawa ya tumbaku. Mtu alivuta hewa kupitia kile kibomba, akapata dawa, na hapakuwa na moshi wala jivu. Kepher alisema wazungu walikuwa wanaachia sigara hapo.

Syprose alikipokea, akakipindua, akakinusa. Kisha akafanya alichofanya maisha yake yote: akaingiza ndani ya mdomo ile ncha iliyopaswa kuwa nje, akafunga midomo, akavuta.

"Mama, umegeuza."

"Sijageuza. Wao ndio wamegeuza."

"Mama!"

Akakigeuza kwa shingo upande, akavuta tena. Kitu kama pilipili kilimkwaruza koo, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Alipopata pumzi alikiangalia kile kibomba kwa huzuni ya kweli.

"Ni kama kunyonya kalamu ya biro," akasema. "Na moto uko wapi?"

"Hakuna moto, Mama. Hiyo ndiyo maana yake."

"Sasa hii ni sigara gani isiyo na moto?"

Wakakubaliana hivi: Sally akae Kapsoit wiki mbili za majaribio, Beverly arudi Jumamosi ya mwisho kabla ya kozi kuanza, na akinusa moshi popote, mtoto apande gari la Ahero. Alimwachia mama yake dawa ya Sally ya kupuliza mdomoni na kumwonyesha jinsi ya kuitumia.

Syprose alijitahidi, na anayesema hakujitahidi ni mwongo. Alihamishia jiko la makaa nje kwenye kibanda. Alifua blanketi, mapazia, hata koti la Okello alilokuwa hajalifua tangu afe, na alilia alipolitia maji, kwa sababu harufu yake ilikuwa ya moshi wa boila na tumbaku na haingerudi tena. Kibomba alikivuta asubuhi, mchana na jioni. Dawa ilituliza mwili, hilo alilikubali. Mdomo ndio uliokataa. Kila alfajiri aliamka mdomo una baridi, akanywa chai ya rangi iliyo moto kabisa, na baridi ikabaki palepale.

Ili ajisahaulishe, alimsimulia Sally hadithi. Alimwambia juu ya Bogonko na jino, na mtoto akacheka mpaka akajigonga ukutani. Alimwambia jinsi Chepkurui alivyompata katika ukungu kwa kunusa tu.

"Hata mimi ninaweza kukupata, Dani?" Sally akamwuliza. Alimwita Dani, jinsi wajukuu wa Kijaluo wanavyomwita nyanya.

"Hata wewe."

Siku moja kabla ya Beverly kurudi, ukungu ulishuka Kapsoit mzito kama wa zamani. Chepkurui aliita kutoka ng'ambo ya ua, "Mama Kepher, njoo tumalize ile kona kabla gari ya majani ifike." Syprose alimwacha Sally mlangoni na uji wake, akajifunga aproni ya nailoni, akaingia shambani. Mikono ilikumbuka kazi. Majani yalikuwa yamelowa, vidole vikapata ile baridi anayoijua, na hapo mwili mzima ukadai kilichokuwa chake. Ndani ya kitambaa cha kichwa alikuwa na sigara moja na kibiriti. Alikuwa amejiambia ni za kumkumbusha tu asivute.

Akaiwasha. Akaigeuza. Akafunga midomo.

Sitadanganya kwamba aliona vibaya. Joto lilijaa chini ya kaakaa, likapanda mpaka machoni, na kwa muda alikuwa mwanamke wa miaka thelathini ambaye mumewe yuko kiwandani anachochea moto.

"Ah!" Chepkurui akaita kutoka ndani ya ukungu, kwa furaha isiyo na hila. "Mama Kepher! Kumbe uko hapo. Siku nyingi sijasikia hii harufu."

Kisha michai ikatikisika upande wa nyumba, na Sally akatokea, nguo imelowa hadi kiunoni, pua juu, akinusa. Mdomoni alikuwa na kile kibomba cha plastiki. Alikuwa amekiingiza kwa kugeuza, akafunga midomo barabara, na mikono yake midogo ilikuwa ikichuna majani na kuyatupa nyuma mahali ambapo hapakuwa na kikapu.

"Nimekupata kwa harufu!" akasema, akikitoa. Kisha akakiangalia. "Lakini yangu haina moto. Dani, nipe moto."

Syprose hakuweza kujibu, mdomo ulikuwa umejaa. Mtoto akamkaribia, akainua uso.

"Fungua mdomo nione."

Na Syprose, bila hata kufikiri, akashika shavu na kugumia.

Sally alicheka, kwa sababu hadithi hiyo aliijua. Kicheko kikageuka kikohozi. Kikohozi hakikukoma, na chini yake ikaanza ile sauti nyembamba ya filimbi kifuani. Hapo ndipo Syprose alipotema, moto na jivu na yote, kwenye majani mabichi, akamnyakua mtoto na kukimbia. Chepkurui alitangulia akifungua njia. Nyumbani walimkalisha Sally wima, wakampulizia dawa, Chepkurui akimsugua mgongo na kumwimbia kwa Kikipsigis, Syprose akiwa amegeuza uso pembeni asimpumulie. Polepole ile filimbi ikapungua, ikaisha. Mtoto akaomba uji wake.

Syprose alitoka nje, akasimama kwenye ukungu, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote.

Kesho yake Beverly alifika. Alinusa mapazia, akanusa blanketi, akanusa nywele za mtoto na nguo za mama yake, ambazo zilikuwa zimefuliwa tena usiku kucha. Akaketi kitandani, uso umemlainika.

"Mama, umeweza. Sikuamini utaweza."

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Midomo ya Syprose ilikuwa na mazoezi ya miaka mingi ya kunyamaza juu ya jambo hilohilo. Sally alikuwa nje akicheza na ndama wa Chepkurui, mzima kabisa.

"Nilivuta jana," akasema. "Moja, huko shambani. Mtoto akanifuata, kifua kikamshika. Nilimpulizia dawa akapona. Lakini nilivuta."

Beverly aliinuka, akachukua mfuko, akaanza kutia nguo za Sally, moja baada ya nyingine, bila kuzikunja. Syprose hakumzuia. Alikaa kwenye stuli, mikono mapajani.

"Kwa nini umeniambia?" Beverly akauliza ghafla, amemgeuzia mgongo. "Singejua. Singejua hata kidogo."

"Hata Bogonko hakuwahi kunishika. Lakini Bogonko hakuwa na pumu."

Beverly alisimama na gauni la mtoto mkononi. Alikuwa amekua katika nyumba ambayo mama alivuta kila siku na kukana kila siku. Haikuwahi kutokea, tangu azaliwe, asikie neno "nilivuta" likitoka katika mdomo huo. Aliliweka lile gauni kitandani. Akaanza kuzitoa nguo za Sally mfukoni, na sasa alizikunja.

"Ukivuta tena, utaniambia?"

"Nitakuambia, nyathina, mwanangu."

"Siku hiyohiyo?"

"Kabla sijatema."

Sally alibaki Kapsoit. Vidonge vya Kepher viliisha kabla ya mwezi wa nane, na kibomba kikabaki ndani ya kikombe juu ya rafu. Asubuhi za ukungu Syprose alikichukua, akakitia mdomoni kwa kugeuza, akaenda kuchuna. Chepkurui alilalamika kwamba sasa lazima aite jina kama anayetafuta ng'ombe, na Syprose alimwitikia kwa sauti, kwa kuwa mdomo haukuwa na kazi tena. Wote wawili hawakuizoea hali hiyo, na hawakuificha huzuni yao.

Na kila jioni kabla ya kulala, Sally alipanda kitandani, akamshika nyanya yake mashavu kwa mikono miwili.

"Dani, fungua mdomo."

Syprose aliufungua wazi, mpaka taya likauma. Mtoto aliinua taa ya chemni karibu, akachungulia kulia na kushoto na chini ya ulimi, hana haraka.

"Hakuna moto," angesema.

"Hakuna," Syprose angejibu, na baridi ingemwingia mdomoni, naye angeuacha wazi mpaka mtoto aridhike.