Mita Si Pima

Balbina alikuwa na kibuyu kimoja cha mbegu ya mpunga. Alikifunga mdomo kwa kamba mafundo saba, akakining'iniza darini. Hakuogopa mwizi. Alijiogopa mwenyewe, maana ulikuwa mwaka wa pili wa njaa tangu vita vya Maji Maji, na mbegu inachemka sufuriani kama mchele mwingine wowote.

Mumewe alikwenda kupigana Mahenge, hakurudi. Wadachi walipokwisha kushinda, kila kaya ya bondeni ilipewa kipande cha barabara, uwe na mume au huna. Kipande cha Balbina kilikuwa mita hamsini: kufyeka, kung'oa visiki, kuchimba mfereji pande zote mbili. Ukimaliza, nenda zako. Usipomaliza, husogei. Na Januari ilikuwa inakatika. Mpunga usipoingia ardhini kabla mto haujapanda, ungoje mwakani, kama utakuwepo.

"Mita ndiyo nini?" aliuliza siku ya kwanza.

Mnyapara, mtu wa pwani mwenye kifua kipana na subira fupi, akatanua mikono yote miwili. "Pima ya Kizungu. Ncha ya kidole hiki mpaka ncha ya kile. Hamsini. Usinichoshe, mama."

Basi akalima. Alikuwa msukaji mikeka tangu usichana, vipimo alivinyonya pamoja na maziwa: shubiri mbili mkono, mikono miwili wari, wari mbili pima. Kila pima aliyomaliza alichomeka kijiti. Alipofika kijiti cha thelathini na moja viganja vilikuwa vimechubuka, na wingu lilikuwa limekaa juu ya milima ya Udzungwa wala haliondoki.

Mchana huo akapita Mzungu wa barabara na wapagazi wake. Mmoja alikuwa na fimbo ndefu ya rangi nyekundu na nyeupe. Akaiegemeza kwenye kisiki, akaketi kunywa maji.

"Kaka, hiyo ni mita ngapi?"

"Mbili."

"Zote?"

"Ulitaka ngapi, dada? Nikukatie nyingine?"

Balbina hakucheka. Akaweka kiwiko kwenye ncha ya chini ya fimbo, akapima kupanda juu. Mkono mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Ikabaki nafasi ya ngumi mbili, fimbo ikaisha. Akadhani ameruka, akarudia. Yakawa yale yale.

Akachuchumaa akahesabu kwa kokoto. Mita hamsini ni fimbo ishirini na tano. Kila fimbo pima moja na ngumi mbili. Pima ishirini na tano, ngumi hamsini. Ngumi tano zinafanya mkono, basi mikono kumi, basi pima mbili na nusu. Ishirini na saba na nusu. Akageuka kuvitazama vijiti vyake. Alikwisha maliza tangu juzi.

Mnyapara alimsikiliza akiwa ametazama pembeni.

"Nani mwingine umemwambia?"

"Nimekuambia wewe."

"Wiki iliyopita Mzungu alinisifu. Anasema watu wangu wanakwenda mbio kuliko wa kule Kiberege." Akashusha sauti. "Umemaliza. Chukua jembe lako ukapande. Lakini mdomo uufunge, unasikia?"

Alisikia. Akabeba jembe, akaondoka kwa haraka, asije yule mtu akageuza mawazo. Kipande kilichofuata kilikuwa cha wifi yake, Yosefina, naye mjane, mwenye watoto watatu. Alikuwa ameinamia kisiki cha mkwaju.

"Wifi! Umemaliza zote hamsini? Una mashetani gani mikononi?"

"Wewe uko ya ngapi?"

"Ishirini. Hata sijui nitamaliza lini."

Balbina alipiga hatua nne. Ya tano ikamshinda. Akarudi, akainama kama anayefunga nguo kiunoni. "Ukifika ishirini na saba na nusu, simama. Mita si pima. Wametulimisha mara mbili."

Alimwambia Yosefina peke yake. Lakini neno la namna hiyo halikai kwa mtu mmoja, na kufikia jioni, barabara nzima, kila aliyepita ishirini na saba na nusu alikuwa amelaza jembe. Kuwapiga watu wote mnyapara hakuthubutu. Mzungu angeuliza sababu. Akamtuma askari kumrudisha mmoja.

"Kwa kuwa wewe ni fundi wa vipimo," akamwambia, "utapima mpaka barabara ifike kijijini Kisawasawa. Tuone huo mpunga utajipanda."

Yosefina alimaliza baada ya siku tano. Balbina akamwelekeza kibuyu kilipo. "Nipandie, wifi. Chote." Alisema chote huku akijua watoto watatu walikuwa wanakula nini: mizizi, na siku nyingine hata hiyo hakuna.

Aliachiliwa Machi. Maji yalikuwa yamefika kwenye kingo za shamba, mpunga umesimama urefu wa shubiri, kijani safi. Nusu ya shamba. Nusu nyingine ilikuwa majani matupu.

Yosefina alitoka nje, hakusalimia. "Nusu niliipanda, wifi. Ile nyingine..."

"Watoto wapo?"

"Wapo."

"Wote watatu?"

"Wote."

Lilikuwepo neno kali, likamjia Balbina mpaka kwenye meno, akalimeza. Akakaza nguo kiunoni, akaingia kwenye nusu iliyoota, akaanza kung'oa magugu.