Kenga Chini ya Dari ya Bi Mejumaa

Haya nimesimuliwa na Shukri, binti wa Bi Mejumaa wa Mji wa Kale, Jumapili ya mwisho ya Novemba 1997, tumekaa barazani kwao. Mengine nimeyapata kwa Kenga mwenyewe, fundi wa chokaa, aliyekuwa hapo hapo akila mkate wa mofa.

Saa mbili asubuhi, siku ya nne ya mvua isiyokatika. Kenga amesimama orofani, ndani ya chumba cha Bi Mejumaa, kichwa ameinua. Pazia limeshushwa katikati ya chumba. Upande wa huku ni Kenga. Upande wa kule ni mwenye nyumba, kitandani, katika eda ya mumewe. Mwanamume wa kando hafai kumwona, wala yeye hatoki nje, mpaka itimie miezi minne na siku kumi.

Juu ya pazia, dari imefanya tumbo. Maji yanadondokea mabakuli matatu.

"Shukri, mwanangu," Kenga anasema polepole, "stima imezimwa?"

"Bado, taa yawaka."

"Kazime meni swichi sasa hivi. Na uvae viatu."

Shukri anashuka mbio. Kenga anapanda kiti, anachukua msumari wa inchi nne, anausukuma kwa kidole gumba kwenye boriti, pale mti unapoingia ukutani. Boriti ni mti wa mkoko, msumari hupinda ukigongwa. Huu umeingia wote, kama unaingia papai.

Kenga ana miaka hamsini na miwili. Alitoka Kaloleni akiwa kijana, akabeba mawe kwenye matengenezo karibu na Ngome ya Yesu, na hapo akafundishwa kuchoma chokaa na kuiloweka. Kutwa hupata shilingi mia tatu.

"Wenzangu wa saruji hupata mia tano," anasema. "Watu wanaipenda kwa kuwa yakauka upesi. Lakini nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe. Yanakunywa maji, na lazima yapumue. Ukiyaziba kwa saruji, boriti zinaoza ndani kwa ndani, na wewe huku nje waona ukuta mzuri."

Ndivyo ilivyokuwa hapa. Mwaka jana marehemu aliona unyevu ukutani. Hakutafuta maji yanatoka wapi, alipaka saruji, kisha rangi ya kijani, akaridhika. Kule juu mfereji wa mabati ulikuwa umetoboka, ukaendelea kumimina ndani ya ukuta.

"Bi Mejumaa, shikamoo," Kenga anaita.

"Marahaba. Umekuja kunitia hofu?"

"Bibi, toka chumbani. Sasa hivi."

"Sitoki. Zimebaki siku kumi na saba. Nimekaa na yule mume miaka thelathini na minane, nishindwe na siku kumi na saba?"

"Mama, dharura inaruhusiwa," Shukri anasema, amerudi akihema. "Nimwite mwalimu wa msikitini aje akwambie?"

"Mwite. Nitamngoja papa hapa."

Kipande cha chokaa kinaangukia bakuli, pwaa! Boriti inalia. Wakati wa kumngoja mwalimu haupo tena.

"Hapo nilitaka kumvuta kwa nguvu," Shukri aliniambia. "Mama ni mzito, na pia ni mama."

Kenga akashuka kitini, akasimama mbele ya pazia asiliguse.

"Bibi, mimi nakuheshimu. Lakini dari hii ikianguka, watakaokuja kukufukua ni wanaume. Wa bandarini, wa sokoni, wa njiani. Na hakuna hata mmoja atakayefumba macho."

Kitanda kikalia.

"Fundi huyu ana ulimi!" akasema Bi Mejumaa. "Shukri! Ita majirani, waje na mashuka."

Wakaja wanawake wanne, wakainua mashuka pande zote, yeye katikati. Kenga akageukia ukuta, macho kafumba. Wakashuka naye ngazi, wakavuka kichochoro hadi nyumba ya pili, na njia nzima yeye akinung'unika: "Teremsheni huko nyuma, au mwataka watu waone visigino?"

Kenga na mwenzake Chengo, aliyefika na miti, wakaanza kutia mihimili chini ya boriti zilizo nzima, wakianzia mlangoni. Tumbo la dari hawakuligusa. "Halitobolewi na aliye chini yake," Kenga anasema. Wakasimamisha mti wa kwanza, na wa pili. Walipokuwa wanainua wa tatu, boriti mbovu ikakatika.

Dari ya upande wa kule ikashuka yote juu ya kitanda. Kitanda kikavunjika kati.

"Chengo?" Kenga aliita ndani ya vumbi.

"Nipo. Nimekula chokaa tu."

Sauti ikatoka dirisha la ng'ambo: "Kenga! U hai?"

"Ni hai, bibi. Kitanda ndicho kilichokufa."

Hapo Shukri alikaa chini kichochoroni, mvuani, akalia.

Kenga hakupumzika. Aliziba mfereji, akatoa makabati na magodoro, kisha akashika tindo na kubandua saruji ya kijani. Maji yakatiririka kutoka ukutani kimya kimya, kama jasho. Jirani mmoja akaleta jiko la makaa ili ukuta ukauke. Kenga akamrudisha nalo. "Moto utaupasua. Fungueni madirisha, muungoje."

Mwisho akabandika kipande cha gazeti kwa uji wa ngano, kukatiza ufa mkubwa wa ukutani. Karatasi ikichanika, ukuta bado unatembea. Isipochanika mpaka Isha, umesimama.

Sasa ana nia ya kuchimba shimo uani humo, aloweke chokaa mpaka kiangazi, ukuta utakapokuwa mkavu. Atapaka pamoja na binti yake Mirriam.

"Mkono wake mwepesi kunishinda," anasema. "Watu watacheka mwanamke akipanda ngazi. Na wacheke, madhali ufundi huu unapata wa kuurithi."

Siku ile Bi Mejumaa alilala mapema, nyumba ya jirani, kwani siku tatu hakupata usingizi kwa yale matone ya maji. Shukri akalala miguuni pake. Chengo alikuwa anakoroma tangu Magharibi. Isha iliposaliwa, Kenga akapanda na tochi, akaimulika karatasi juu mpaka chini. Ilikuwa nzima. Akashuka, akavua viatu, akajinyoosha kwenye mkeka ukumbini, akalala.