Aliyekuwa Ndani ya Vazi la Anga

Mtaani walimwita Zipu, na kila mtu alikuwa na sababu yake. Wateja walisema ni kwa kuwa hakuna zipu iliyowahi kumshinda, iwe ya sketi, ya begi au ya hema. Mumewe, fundi wa redio aliyependa utani, alisema ni kwa sababu ya mdomo. "Mke wangu akishafunga," aliwaambia majirani, "hata koleo halifungui." Zipu alicheka, akainamia cherehani yake.

Alikuwa fundi wa nguo aliyekubalika, lakini hakuwahi kutundika kibao mlangoni. Mama yake alimlea kwa methali moja, akamlisha kama uji: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukifaulu darasani, usiseme. Ukishona vizuri, nyamaza, wenye macho wataona. Methali ile ilimwingia mwilini hata akawa anaona haya kusifiwa. Ukimwambia gauni limekaa vizuri, atakugeuza akuonyeshe mahali uzi ulipopinda.

Basi siku moja aliingia dukani mwake mwanamume mrefu, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Alikuwa mwongozaji wa filamu. Alikuwa ameona maturubai Zipu aliyowashonea madereva wa malori, na alitaka mkono ule ule.

"Nataka vazi la anga, mama. La mtu anayekwenda mbali kuliko mwezi."

"Huko kuna baridi au joto?" Zipu aliuliza.

Yule mwongozaji alicheka kwa furaha. Tangu aanze kuizungumzia filamu yake, huyu alikuwa mtu wa kwanza kumuuliza swali la maana.

Zipu alilishona vazi kwa turubai jeupe, sponji za magodoro na mipira ya mashine za kufulia, akalipaka rangi ya fedha kwenye mabega. Mwigizaji mkuu alikuwa safarini, vipimo vyake havikupatikana. "Ni mtu wa kimo chako," mwongozaji alisema, kwa hiyo Zipu akapima mwili wake mwenyewe, akalivaa na kulivua hadi likamkaa kama ngozi ya pili.

Filamu ilipigwa katika ghala kuukuu lililowahi kuhifadhi sabuni. Ukiegemea ukuta, unarudi nyumbani unanukia. Mafundi seremala walijenga humo tumbo la chombo cha anga kwa mbao na mabati. Hadithi yenyewe ilimhusu mwanamke mfagizi wa chombo hicho. Ajali inawaua nahodha na wenzake wote, anabaki yeye na ufagio wake katikati ya nyota. Chombo kina sauti, na kila asubuhi sauti inauliza, "Rubani ni nani?" Mfagizi anajibu, "Rubani hayupo." Anazima moto, anaziba matundu, anajifunza usukani kwa kubahatisha, na bado kila asubuhi anajibu vilevile. Mpaka mwisho, akiwa karibu kutua, anavua helmeti, anaonyesha uso, anasema, "Ni mimi."

Mwigizaji mkuu aliporudi safarini, kila mtu alimpenda. Alikuwa msichana mcheshi, asiye na makuu. Walimvika vazi, likamkaa vizuri. Walipomfunga helmeti, hakumaliza hata pumzi kumi.

"Nifungueni! Nifungueni jamani, nakufa!"

Zipu ndiye aliyefika wa kwanza, akaachia vifungo. Msichana aliketi sakafuni akitweta, jasho linamtiririka. Alisema tangu utotoni hawezi kukaa mahali palipofungwa, alidhani angejikaza. Walijaribu tena baada ya chakula, ikawa mbaya zaidi.

Mwongozaji alizunguka ghala zima mikono kiunoni. Macho yake yakamwangukia Zipu, pini amezibana midomoni.

"Fundi, vazi hili ulilipimia kwa nani?"

Zipu alitoa pini moja moja. "Kwangu."

"Livae basi. Tupige picha za kutembea tu. Uso hautaonekana."

Hilo la uso ndilo lililomfanya akubali.

Ndani ya helmeti ile kulikuwa na joto na harufu ya gundi. Alisikia pumzi yake mwenyewe na si kingine. Zipu, ambaye akipita mbele ya vijana wa kijiweni alikuwa anahesabu vidole vya miguu yake, alijikuta anatembea ameinua kifua. Hakuna aliyemwona. Hakuwa mke wa mtu, wala mama wa mtu, wala fundi wa mtu. Picha za kutembea zikawa picha za kupanda ngazi, picha za ngazi zikawa za kuning'inia kwa kamba chini ya paa, na wiki zikapita.

Kulikuwa na tukio la mlango. Mfagizi anaufunga mlango wa chumba walimofia wenzake, basi. Maelezo yalisema afunge, ageuke, aondoke. Zipu alifunga, kisha akasimama. Akauwekea mlango kiganja, taratibu, kama mama anavyomgusa mtoto paji la uso kuona kama homa imeshuka. Akakiacha pale. Mwongozaji akasahau kusema "kata". Mpiga picha, mzee ambaye kwa kawaida hazungumzi ila kuulizia chai, alipangusa macho kwa mkono wa shati.

"Dada, hayo umeyatoa wapi?" msichana mwigizaji alimuuliza, akimfungua vifungo.

"Sijui. Nilisahau kwamba mpo."

Ilipobaki picha ya mwisho, ile ya kuvua helmeti, mwongozaji alimwita Zipu kando. Msichana mwigizaji alikuwapo, tena ndiye aliyeanza.

"Dada, mimi nimeongea naye. Safari nzima umesafiri wewe. Mimi nije kuchungulia mwishoni kama mgeni wa harusi? Vua wewe."

"Mimi?"

"Tutazirudia zile picha chache za mwanzo nilizopiga bila helmeti," msichana alisema. "Mimi nitakuwa sauti ya chombo. Sauti haina kofia."

Mwongozaji alikuwa anatikisa kichwa kukubali, kamba ya miwani inacheza. "Kesho ni siku yetu ya mwisho hapa, mwenye ghala analitaka. Asubuhi tupige mwisho, halafu hayo mengine tutayamalizia kwingine. Nenda ukalifikirie usiku huu."

Zipu alikwenda nyumbani akamweleza mumewe wakati wa chakula cha jioni, kwa sauti ya mtu anayelalamika. Alitaka akatazwe. Alitaka aambiwe mke wa mtu hawezi kuanikwa kwenye kuta za mji kama khanga iliyofuliwa, ili kesho aseme baba watoto amekataa, yaishe. Lakini yule bwana aliweka kijiko chini.

"Nenda," alisema. "Tena mimi nitakaa kiti cha mbele."

Zipu alikasirika. Alikusanya vyombo kwa kishindo, na mumewe hakuelewa amekosea wapi.

Asubuhi walimvika. Taa ziliwashwa, mpiga picha akakaa. Msichana mwigizaji, amesimama nyuma ya mabati, aliuliza kwa sauti tulivu ya chombo: "Rubani ni nani?"

Zipu aliinua mikono. Vidole vilivifikia vifungo vya shingoni, vile alivyovishona mwenyewe. Kimoja kikafunguka. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu avae vazi lile, akawaona watu. Aliona maseremala wameacha kazi, wameegemea mbao wakimtazama. Akajiona kwa macho yao: mwanamke wa makamo, nywele zimelowa, anadai kwamba yeye ni rubani. Akaisikia sauti ya mama yake, ambaye wakati huo alikuwa kaburini kwa muda mrefu, ikisema kibaya ndicho kinachojitembeza.

Mikono ikashuka.

"Siwezi," alisema ndani ya helmeti, na ikabidi arudie ndipo wakamsikia. "Siwezi. Mimi ni fundi tu."

Hawakumlazimisha, na hilo lilimuuma baadaye kuliko kama wangemfokea. Mwongozaji alingoja, akamletea maji, akaketi sakafuni karibu naye. Mchana ulipowadia, na watu wa mwenye ghala wameanza kubisha langoni, msichana mwigizaji alisema, "Haya, nipeni." Alivaa helmeti yenye vifungo vilivyolegezwa, akaenda mbele ya kamera anatetemeka kweli, akaing'oa kichwani kama mtu anayetoka majini. "Ni mimi," alisema, machozi yakimtoka. Picha ikapatikana kwa mara moja.

Filamu ilipendwa. Watu waliiona wakarudi na ndugu zao. Msichana yule akawa nyota, na katika kila mahojiano alisema, "Mwili mnaousifu si wangu, ni wa dada mmoja fundi wa nguo." Watangazaji wakacheka, wakamsifu kwa unyenyekevu. Alimtafuta Zipu kwa filamu ya pili. Zipu akasema ana sare za shule za kushona. Akamtafuta kwa ya tatu. Safari hii Zipu alikuwa na mapazia ya hoteli. Hakutafutwa tena, wala hakumlaumu mtu. Mumewe alikaa kiti cha mbele kama alivyoahidi, akaitazama helmeti mwanzo mpaka mwisho. Njiani kurudi nyumbani alisema, "Ule mkono wa mlangoni niliujua." Miaka kadhaa baadaye akafariki.

Wahenga wanasema majuto ni mjukuu. Zipu alikuja kupata wajukuu wawili, na majuto yake yalikuwa makubwa kuliko wote. Lakini alikuwa ameyazoea, kama mtu anavyozoea goti bovu. Kama jambo lingeishia kwake, pengine nisingekuwa na la kusimulia.

Alikuwa na binti mmoja, aliyekuwa mdogo mno filamu ilipopigwa, sasa mkunga katika zahanati. Kina mama wajawazito walimfuata yeye, walikuwa wanauliza zamu yake ni lini. Jumapili moja alikuja kumtembelea mama yake, akaketi kumenya viazi, na uso wake haukuwa mzuri.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Tumeletewa mkuu mpya wa wodi. Mtoto mdogo, mama, mimi ndiye niliyemfundisha kushika kichanga. Leo ananipangia zamu."

"Walimpa yeye bila kukuuliza wewe?"

Binti aliendelea kumenya. "Waliniuliza mimi kwanza. Daktari alinibembeleza wiki nzima."

"Ukasema nini?"

"Nikamwambia siwezi. Mimi ni mkunga tu."

Zipu alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano. Uzi ulikosa tundu, akajaribu tena, ukakosa. Aliweka sindano chini.

"Nani amekufundisha kusema hivyo?"

"Ah, mama!" Binti alicheka, si kwa ubaya. "Si wewe? Nimekuwa nakusikia tangu nina meno mawili. Mtu akikusifu, wewe fundi tu. Akikuletea kazi kubwa, wewe fundi tu. Nilidhani ndiyo adabu."

Ndipo Zipu akamsimulia. Alieleza yote, ghala, kamba, mlango, mikono iliyoinuliwa ikashuka. Binti alikuwa ameiona filamu ile mara nyingi, kama kila mtu wa rika lake. Utotoni alikuwa anajifunga shuka mabegani, anavaa sufuria kichwani, anakuwa yule mfagizi, mama yake akimtazama kutoka kwenye cherehani na kunyamaza.

Zipu alitegemea binti ashangae, labda afurahi. Binti alisimama. Maganda ya viazi yalimwagika.

"Kwa hiyo miaka yote ile nilikuwa namuiga mama yangu, na mama yangu ananiangalia?"

"Sikutaka kujitangaza..."

"Kwangu? Kujitangaza kwangu mimi? Mama, nilikuwa mwoga wa kila kitu. Nilikuwa naogopa hata kunyoosha mkono darasani. Unajua ningefanya nini na habari hiyo?"

Zipu alitaka kusema alifikiri watoto wanaona wenyewe, kwamba chema hujiuza. Maneno yalimfika kooni yakaonekana ya kipuuzi, akayameza. Binti alichukua mkoba wake, akaondoka viazi vikiwa nusu.

Hakuja Jumapili iliyofuata, wala ile nyingine. Aliwatuma watoto, nao watoto walileta salamu fupi. Zipu alishona, akakosea, akafumua. Siku moja alikwenda mwenyewe zahanati, akapanga foleni pamoja na wajawazito mpaka binti alipotokea mlangoni na kumwona.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimekuja kukuomba radhi."

"Mbele za watu wote hawa?"

"Ndiyo," alisema Zipu, na masikio yalikuwa yanamwaka moto. "Nilikosea, mwanangu. Nilikunyima kitu kilichokuwa chako."

Wanawake kwenye benchi waliangalia pembeni kwa heshima, masikio wameyaacha palepale. Binti alimshika mkono, akamwingiza kwenye chumba kidogo cha dawa, akamketisha juu ya katoni. Binti hakusema amesamehe. Alisema nafasi ile imekwisha kwenda, na kwamba yule mtoto mkuu wa wodi, kusema kweli, anajitahidi. Alisema amechoka. Kisha, akiwa anapanga chupa kwenye rafu, mgongo kwa mama yake, akauliza kule ndani kulikuwaje.

"Joto," alisema Zipu. "Na gundi inanuka."

"Basi?"

Zipu alifikiri. Nje kichanga kilianza kulia, mtu akamwita binti kwa sauti, naye akasema anakuja, lakini hakwenda bado; alitaka kwanza kusikia jibu la mama yake.