Mtungi Alioufungua Eufronia

Saa tatu asubuhi, Eufronia Hontomin amefumba macho mbele ya karai la chuma. Hasinzii. Anasikiliza.

Ndani ya karai, vipande vya nyama ya nguruwe vinachemka katika mafuta yao wenyewe tangu jua halijachomoza. Vinavuma kama mvua juu ya bati. Pembeni, wanawake wawili wanamenya vitunguu saumu na kumteta padri kwa sauti ya chini. Eufronia anainua mkono mmoja, wananyamaza. Mvumo unapungua, unatapatapa, kisha inabaki minong'ono tu.

"Maji yameisha," anasema, macho bado yamefumba. "Toeni kuni mbili."

Hiyo ndiyo kazi yake, na katika kijiji cha Valuyan, kisiwani Sabtang, kaskazini kabisa mwa Ufilipino, hakuna anayeifanya kama yeye. Anapika lunyis, nyama inayokaangwa polepole hadi tone la mwisho la maji liondoke. Kisha inapangwa kwenye mtungi wa udongo na kumiminiwa mafuta yake hadi ifunikwe yote. Mafuta yakishaganda, mtungi unakaa pembeni mwaka mzima, bila friji, ukiisubiri tufani.

Ni Juni sasa, na tufani ziko njiani. Mapaa ya nyasi yameshafungwa kamba. Ng'onda wameanikwa. Kila nyumba inahesabu viazi vikuu vyake. Watu wa hapa hawajawahi kungoja mtu wa serikali aje na mfuko wa mchele. Boti isipokuja wiki mbili, wanakula walichojiwekea.

Mwaka jana, kufikia siku kama ya leo, Eufronia alikuwa amepika katika nyumba kumi na moja. Mwaka huu amepika katika nyumba nne.

Ana umri wa miaka sitini na moja na hakuwahi kuolewa. Majirani husema ameolewa na karai, naye huwajibu kwamba karai halikoromi. Kazi alifunzwa na mama yake, na mama yake ndiye aliyemwachia desturi ambayo sasa imemponza. Mafuta yanapoanza kuwa mazito juu ya mtungi, mpishi hubonyeza dole gumba katikati. Shimo linaganda na kubaki. Mwenye mtungi akilikuta shimo hilo, anajua hakuna mkono uliopita.

"Ni kama kusema, mimi niko hapa mpaka uje," anasema Eufronia.

Kwa sababu ya dole hilo, waliohamia Manila walimwamini na nyumba zao. Alikuwa na funguo tisa kiunoni. Alifagia, akafungua madirisha, akachungulia mitungi, na kila mwenye nyumba alimtumia peso mia tatu kwa mwezi. Leo funguo ni nne. Tano zilichukuliwa kwa wiki moja tu, mwezi uliopita.

Hadithi ya funguo hizo inaanzia kwa Anselmo Cabugao.

Mzee Anselmo ana miaka sabini na minane. Alikuwa fundi wa kujenga kwa mawe, na nusu ya kuta za Valuyan zimepita mikononi mwake. Mkewe, Konsolasyon, alifariki Agosti mwaka jana. Miezi miwili kabla ya kufa alimwita Eufronia wapike mtungi wa mwisho pamoja. Alimenya vitunguu saumu akiwa ameketi, maana miguu ilikuwa imeshakataa kumbeba.

Mzee hakuugusa mtungi ule. Alikula viazi na samaki, na jioni alikaa karibu nao.

Oktoba ikaja tufani. Ilipiga siku tatu, ikaondoka, ikafuatwa na bahari iliyokataa kutulia. Boti haikuja kwa siku kumi na tisa. Mnara wa simu ulilala chini. Wiki ya kwanza hakuna aliyeshtuka. Wanawake walichota lunyis, wanaume walitengeneza mapaa, watoto walifurahia shule kufungwa.

Nyumbani kwa Anselmo paa lilikuwa likivuja. Siku ya tano alipoona samaki wamemwishia, aliushika upawa wa mkewe kwa mara ya kwanza. Ulikuwa umetundikwa ukutani, chini ya pale palipovuja. Aliuzamisha mtungini.

Mtoto yeyote wa Valuyan anajua upawa wa lunyis hufutwa kwa kitambaa, kisha hupitishwa juu ya moto. Maji kidogo tu yakiingia, mtungi mzima unaharibika. Anselmo alilijua hilo kama wengine wote. Hakuwahi kulitenda tu.

"Miaka hamsini na mmoja nililetewa sahani," anasema. "Nilijua kila jiwe la nyumba ile. Upawa sikuujua."

Siku ya kumi na tatu mtungi ulinuka. Shambani viazi vyake vilikuwa vimeoza kwa maji. Hakumwambia mtu.

Eufronia alimkuta siku ya kumi na nne, ameketi kando ya mtungi uliofunikwa, kama mtu aliyekuja msibani akakosa wa kumpa pole. Mazungumzo yao anayakumbuka neno kwa neno.

"Mzee, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Usinihoji kama polisi, Eufronia."

Aliinua kifuniko. Hakuhitaji kuuliza tena. Mzee aligeukia ukutani na kusema kwa sauti ndogo, "Nimekiharibu chake cha mwisho."

Mtungi wa Eufronia mwenyewe ulikuwa mtupu tangu siku ya tisa. Nusu yake ilikuwa imekwenda kwa mama mmoja aliyejifungua katikati ya upepo. Alibisha hodi nyumba tatu kumwombea mzee. Katika nyumba zote tatu upawa ulikuwa unakwangua udongo.

Kati ya funguo zake tisa, ni mmoja tu uliofungua nyumba yenye mtungi uliojaa. Ulikuwa wa Remedios Gabilo.

Remedios ni muuguzi Manila, ana miaka hamsini na miwili. Baba yake, Severo, alifariki Mei mwaka jana, akaacha nguruwe mmoja. Remedios alimwagiza Eufronia ampike nguruwe huyo na kumhifadhi hadi sala ya mwaka mmoja wa marehemu, ili kila aliyemzika Severo ale kutoka kwenye mkono wake. Eufronia aliupanga mtungi ule kwa uangalifu kuliko wowote. Alibonyeza dole lake.

Siku ya kumi na nne aliingia nyumbani kwa Gabilo, akafuta upawa, akaupitisha juu ya moto, akauzamisha katikati ya shimo la dole lake mwenyewe.

Kwanza alimlisha Anselmo, kipande kimoja na uji wa mchele, akakaa hadi akameza. Kisha akawaza kwamba mtungi uliokwisha kufunguliwa haufungiki tena kwa heshima. Akaupeleka nyumba sita, kipande kimoja kwa kila mtu kwa siku, kwa siku tano. Boti ilipofika, chini ya mtungi yalikuwa yamebaki mafuta tu.

Siku simu zilipoamka, Eufronia alikuwa wa kwanza kupiga. Hakuanza na salamu za tufani. Alisema, "Remedios, nimeufungua mtungi wa baba yako." Remedios akakata simu.

Mei mwaka huu Remedios alikuja kwa sala ya baba yake. Watu walikula kuku. Baada ya misa alisimama mbele ya kanisa dogo, watu wote wakisikia, akamwomba Eufronia aseme kwamba alikosea. Hakutaka nguruwe wala fedha. Alitaka neno. Eufronia alijifunga vizuri kitambaa cha kichwani na kwenda zake.

Ndani ya wiki ile familia nyingine nne za Manila zilimfuata Remedios. Funguo zikahamia kwa binamu mmoja ambaye, wanawake wa jikoni wanasema, hajawahi kufungua dirisha hata moja.

Kwa simu, Remedios hana hasira. Sauti yake imechoka.

"Kila mtu anafikiri ninalilia nyama," anasema. "Baba alipata kiharusi. Yule nguruwe alimlisha kwa mkono mmoja, mwaka mzima. Alimkatia majani kwa mkono mmoja. Mimi sikuwepo kumwona. Nilitaka angalau niwepo kwenye kile alichokiacha. Aseme tu alikosea, nitamrudishia ufunguo, na wale wengine watanifuata."

Eufronia akisomewa maneno hayo anakoroga karai kwa muda mrefu.

"Hilo la mkono mmoja nililiona kila siku," anasema. "Nilikuwa napita pale. Nilimshikia ndoo."

Nguruwe anayechemka kwenye karai leo hajaagizwa na nyumba yoyote. Eufronia alimnunua akiwa mdogo, Novemba, kwa akiba yake yote ya msimu. Amemkatia majani ya viazi vitamu asubuhi na jioni kwa miezi saba, akimwongelesha njia nzima. Jana alimchinja. Ni nguruwe wa Remedios.

Na Remedios amesema atakuja na boti ya leo.

Mafuta yanapoa. Anselmo, ambaye siku hizi hakosi penye karai, amekaa mlangoni na kitambaa na upawa. Hiyo ndiyo kazi aliyojipa. Anafuta, anapitisha juu ya makaa, anafuta tena.

"Mzee, upawa huo utatoboka," anamtania mmenya vitunguu mmoja.

"Acha utoboke," anasema. "Utatoboka ukiwa mkavu."

Wanacheka, hata Eufronia. Nyama inapangwa, mafuta yanamiminwa, na mtungi unasogezwa kwenye kivuli cha ukuta.

Wakati wakingoja, Eufronia anaeleza anachokitaka sasa. Anataka mtungi mkubwa wa kijiji ukae kanisani. Kila nyumba itakayochinja itoe vipande viwili, na ufunguliwe boti isipokuja kwa siku kumi, bila kumwuliza mtu aliye mbali. Anselmo ameshachagua mahali ukutani pa kuchonga shimo la kuuweka. Amekwisha kutoa jiwe la kwanza, padri akiwa safarini. Nyumba nne zimekubali. Nyingine zinasema zitakubali mgogoro ukiisha, na kila mtu anajua mgogoro unaishia wapi: kwenye mdomo wa Eufronia.

Saa nane kasoro, Remedios anasimama mlangoni. Viatu vyake vimelowa maji ya boti. Anamwamkia Anselmo kwanza, naye mzee anainuka kwa shida, upawa mkononi, kama askari aliyekutwa lindoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ni mimi niliyekula. Kama kuna wa kugombezwa, ni mimi."

"Sijaja kukugombeza, mzee. Kaa."

Anaingia. Anauangalia mtungi. Mafuta yameanza kuwa meupe kingoni. Eufronia anauvuta mtungi hadi mbele ya mgeni wake na kumshika mkono, kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika, na kuliweka dole gumba la Remedios katikati ya mafuta.

"Bonyeza. Mwaka huu liwe lako."

Remedios anabonyeza. Anakaa hivyo, dole ndani ya mafuta ya vuguvugu. Eufronia anamshika mgongo na kumwacha alie. Wanawake wa vitunguu wanatazama vitunguu.

"Alimlisha kwa mkono mmoja," anasema Remedios.

"Huu." Eufronia anagusa mkono wake mwenyewe wa kushoto. "Na wa kulia aliutia mfukoni, watu wasiuone. Akimwita nguruwe, alimwita kwa jina lako. Hilo sikuwahi kukwambia."

Remedios anacheka katikati ya machozi. "Kwa jina langu?"

"Alisema wote wawili mnakula bila kushukuru."

Remedios anatoa dole lake. Shimo linabaki, safi, la duara. Anajifuta, anafungua mkoba, anatoa ufunguo wa nyumba ya baba yake na kuuweka mezani, kati yao.

"Dada Eufronia, nimechoka kukununia. Wale wanne nimeongea nao jana, wananingoja mimi. Sema neno moja, hapa hapa, hata si kanisani. Chukua ufunguo wako."

Eufronia anautazama ufunguo. Anselmo ameacha kufuta. Eufronia ananyoosha mkono, na kwa muda wote wa pumzi moja inaonekana atauchukua. Anausogeza upande wa Remedios, taratibu, kwa kidole kimoja.

"Nguruwe nimekurudishia kwa sababu alikuwa wako," anasema. "Baba yako namlilia na nitaendelea kumlilia. Ukiniachia ufunguo, nitafagia. Usiponiachia, nitapita dirishani nimsalimie kama kawaida. Lakini mtu alikuwa na njaa, mdogo wangu, na mimi nilikuwa na ufunguo. Samahani siombi."