Wageni Wasioitikia Salamu

Kristina wa Mandewa alikuwa muuza mafuta ya alizeti, na tangu goti limkatae hakuweza tena kukaa na madumu yake stendi. Akawa anauzia kwenye simu. Ukurasa wake wa mtandaoni ulikuwa na watu wachache, wote wanajulikana: huyu wa Ikungi, yule wa Manyoni, na wasumbufu kama Alute mfuga nguruwe, ambaye hajawahi kununua lita moja bila kudai na mashudu, yale makapi ya alizeti, ya kulishia mifugo yake. Ukurasa huo ndio lilikuwa duka lake. Ukimponyoka, kazi imeisha.

Basi akaja Emilian, kijana wa mjini, suruali imembana kama soksi.

"Shikamoo mama. Mbona wafuasi wenyewe kiduchu hivi? Ngoja nikujazie."

Akajaza kweli. Maelfu. Kristina akajiona naye mtu.

"Sasa nipe neno la siri, mama, nikutunzie ukurasa. Usumbuke wa nini na umri huo?"

Kristina akamwambia aje Jumatatu achukue. Mpumbavu mkubwa, tena mwenye furaha.

Ila kwao alilelewa. Akaona aibu wageni wajae uani bila kusalimiwa. Akavuta kigoda, akaanza kuwaandikia mmoja mmoja: karibu, mmeamkaje huko, watoto hawajambo? Kidole kikafa ganzi. Hakuna aliyeitikia.

Wifi yake Evodia alikuwa anapepeta mtama pembeni.

"Wifi, unasalimia ukuta."

"Wana kazi zao."

"Kazi gani inamzuia mtu kusema hatujambo? Hata mwizi ukimkuta mlangoni anaitikia."

Kristina akanuna, maana lilimchoma.

Ijumaa shangazi yake akafariki kule Ikungi. Kristina akaweka picha ya msalaba ukurasani, akaandika: Tumefiwa. Siuzi mpaka tuzike. Alipokaa kwenye mkeka wa msiba akafungua simu asome pole. Akakuta: "Safi sana, endelea hivyo." "Picha nzuri mrembo." Mwingine kaweka vimoto vitatu.

Ndipo akaanza kuwachungulia. Huyu aliyemwita mrembo hana kwao. Yule hana mtoto, hana ndugu, hana hata jirani wa kumtania. Wote wamefungua kurasa mwezi uleule mmoja, wanafuata watu maelfu na wao hawafuatwi na mtu. Vinyago vitupu. Na aliyevileta ndiye alikuwa anataka neno la siri, ufunguo wa duka lake.

Chini kabisa akamkuta Alute. "Pole sana mama. Mungu amlaze pema. Mkishazika, mashudu yangu usimpe mtu."

Kristina akacheka na machozi yanamtoka. Waombolezaji wakadhani uchungu umempanda kichwani.

Jumatatu Emilian akaja, meno yote nje.

"Mama, tumalizie ile kazi."

"Wale watu wako wamempongeza shangazi yangu kwa kufa," Kristina akasema. "Nenda ukawafundishe adabu kwanza."

"Mama, zile ni hitilafu tu za mtandao."

"Na wewe ni hitilafu. Njia ile pale."

Kijana akaondoka bila hata kuaga, na hapo Kristina akajua ni ukoo mmoja na wale aliowaleta. Jioni yeye na Evodia wakawafuta wageni wale mpaka uani kukabaki watu wa kawaida, wenye midomo. Kifua kikawa chepesi. Akamjazia Alute kiroba cha mashudu mpaka kikamwagika, na safari hii hakumsimanga.